Wafuasi wa Bi Rukaiya

Erasmo Kapinga hakuwa na kazi, lakini cheo alikuwa nacho. Alikuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Kapinga Dijito, kampuni ya kukuza chapa mitandaoni, yenye makao makuu katika mfuko wa kushoto wa suruali yake, ilipokaa simu. Mfuko wa kulia ulikuwa tawi: humo mlikaa chaja. Maisha yake ya Dar es Salaam yalimwachia viatu vyenye ncha, maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na imani kwamba binadamu wamegawanyika mafungu mawili, wanaopiga na wanaopigwa. Yeye alijiweka fungu la kwanza, ingawa ushahidi wote wa huko alikotoka ulielekea la pili.

Asubuhi hiyo alikaa kwenye mgahawa wa jirani na stendi ya Mbinga, akinywa chai ya rangi kidogokidogo ili isiishe kabla hajapatikana mtu wa kuilipia. Ndipo alipomsikia mama mmoja wa makamo, kajitanda khanga, akigombana na simu yake.

"Mwaka mzima naposti! Wafuasi hata hamsini hawafiki, na nusu yao watoto wa dada yangu wa Kilwa! Hyasinti hapo sokoni hajui dagaa anatoka maji gani, ana elfu sita!"

Wachungaji husema Mungu humjibu kila mtu kwa lugha anayoielewa. Erasmo alinyanyua kikombe chake akahamia meza ya yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, ila nimeumia."

"Umeumia nini?"

"Macho yangu yameangukia simu yako kwa bahati mbaya. Chapa nzito kama hii, imelala! Mimi mtaalamu, kitu kama hiki kinanichoma hapa." Akajigusa kifuani upande wa kulia, kisha akakumbuka moyo ulipo, akahamisha mkono.

Mama yule aliitwa Bi Rukaiya. Babu yake alitoka Kilwa na mzigo wa vitambaa, akafika Lituhi, akaliona ziwa, akasahau kurudi. Mjukuu aliuza dagaa wakavu. Ghala lake lilikuwa limejaa dagaa wa Nyasa, wale wadogo weupe wasio na mchanga, wake na wa akina mama waliokuwa wakianika pamoja naye. Mvua zilikuwa zimeshaanza, na dagaa akishikwa na unyevu anageuka chakula cha kuku. Wanunuzi wa mjini walilijua hilo. Kila akipanda Mbinga walimtajia bei ya kumtukana, kisha wakamwuliza hali ya watoto.

"Nataka wateja wa mbali," alisema. "Iringa, Dodoma, huko ambako hawanijui shida zangu. Na nataka Hyasinti akiniangalia ainue shingo."

Wateja wa mbali Erasmo hakuwa nao. Lakini hapo kwenye shingo ya Hyasinti ndipo alipoliona tundu la kuingilia.

"Mama, wewe si mtu wa elfu sita. Wewe ni mtu wa elfu ishirini."

"Ishirini? Kwani wafuasi wanauzwa?"

"Hawauzwi," alisema Erasmo, ambaye bei yao alikuwa nayo kichwani. "Wanavutwa."

Bi Rukaiya alimtazama kutoka kwenye nywele hadi kwenye ncha za viatu. Akafungua kibindo, akalipa ujira wote kabla ya kazi, akalipa na chai, akaongeza chapati. Kisha akasema twende Lituhi, ukaione bidhaa, kula na kulala juu yangu. Erasmo akajibu kwamba mtaalamu hawezi kuikuza chapa asiyoijua, na rohoni akamshukuru mtakatifu wake wa ubatizo. Katika kazi zake zote hakuwahi kumpata mtu wa kumtapeli aliyemwekea na kitanda.

Basi wakashuka ziwani. Alipewa chumba cha pembeni mwa ghala, na siku ileile akatuma fedha kidogo kwa mtu fulani mtandaoni, mtu asiye na jina wala sura. Wafuasi wakaanza kumiminika kwenye ukurasa wa mama, Dagaa Halisi, kama mvua ya mawe. Bi Rukaiya aliibeba simu mikononi kama kitoto kichanga, akaipitisha kwa majirani waitazame. Serafina, aliyekuwa kiongozi wa waanikaji, aliishika kwa vidole viwili kwa sababu ya magamba ya samaki, akasoma majina.

"Kaka Erasmo, huyu jina lake lina namba kuliko herufi."

"Huyo wa ng'ambo."

"Na huyu hana uso."

"Ni mtu wa faragha, dada."

"Huyu naye anauza dawa za kuota ndevu."

"Mfanyabiashara mwenzetu."

Furaha ilidumu kidogo. Kisha Bi Rukaiya akaanza kuuliza maswali ya kibiashara, ambayo ndiyo maswali mabaya kuliko yote. "Wafuasi elfu ishirini, na hakuna hata mmoja anayeuliza bei. Wamefunga?"

"Wanatafakari, mama."

"Dagaa anatafakariwa?"

Erasmo aliona hatari. Akaingia chumbani, akajifungia, na muda mfupi baadaye akazaliwa Violet, mama wa watoto watatu, mkazi wa Makambako. Violet alikuja duniani akiwa tayari ana akaunti, na neno lake la kwanza lilikuwa hili: *Jamani dagaa wa Bi Rukaiya nimewapokea leo asubuhi, hawana hata chembe ya mchanga, mume wangu kalamba mpaka sahani.* Erasmo aliupenda uandishi wake mwenyewe kiasi kwamba aliulaiki kwa akaunti nyingine.

Bi Rukaiya alisoma. Akarudia. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akasoma mara nyingine.

"Violet wa Makambako," alisema. "Kapokea leo."

"Leo hii, mama."

"Mungu mkubwa."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Erasmo aliuchukulia mlango ule kuwa ni furaha iliyokosa maneno. Mtu anayejiona mjanja ana kipaji cha kufasiri mambo hivyo.

Kesho yake Lidia akaandika.

*Habari kaka Erasmo. Naitwa Lidia, ni mnunuzi wa vyakula wa mahoteli, Dodoma. Wewe ndiye unayekuza ukurasa wa Dagaa Halisi? Nimependa kazi yako.*

Erasmo aliusoma ujumbe ule akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akausoma akiwa amelala. Mtu! Mtu halisi, mwenye jina lisilo na namba, aliyeweka nukta mahali pake! Kwenye picha alikuwa kavaa miwani ya jua, kageuza shingo kidogo, kama mtu aliyeitwa na gari. Baada ya siku zote alizoishi katikati ya watu wasio na nyuso, Erasmo alihisi kama aliyepotea porini akasikia jogoo.

*Natafuta mtu wa kusimamia kurasa za hoteli zetu zote,* Lidia aliendelea. *Mshahara mzuri, nyumba ipo. Ila nimechoka na matapeli.*

*Hata mimi siwapendi kabisa,* aliandika Erasmo, na kwa mara ya kwanza maneno yake yalikaribia kuwa ya kweli.

Lidia alikuwa na sharti. Picha za kupendezesha hakuzitaka. Alitaka kila siku video: dagaa wakipokewa kutoka mtumbwini, wakioshwa, wakitandazwa kwenye chanja, wakichambuliwa. Na Erasmo mwenyewe aonekane, mikono ndani ya kazi. *Mtu asiyemjua dagaa,* aliandika, *atamuuzaje dagaa?*

Erasmo akamwendea Bi Rukaiya, akakohoa. "Mama, nimeona nishiriki shughuli za uzalishaji. Kwa ajili ya utafiti."

"Jamani mwanangu, usijisumbue," alisema Bi Rukaiya, huku akimkabidhi ndoo.

Serafina alishika simu. Video ya kwanza ilimwonyesha Mkurugenzi Mtendaji akiingia ziwani na viatu vyake vyenye ncha, kidole juu, akisema, "Karibuni Dagaa Halisi, mahali ambapo ubora—" Sehemu iliyobaki ya hotuba aliimalizia chini ya maji. Alipoibuka, ndoo ilikuwa kichwani na dagaa walikuwa ndani ya shati, wazima, wakitafuta njia ya kutokea. Wavuvi waliacha nyavu wakashikana mabega kwa kicheko.

Ya pili ilimhusu kunguru. Kunguru alitua kwenye chanja, akachukua dagaa mmoja bila haraka. Erasmo alimhutubia kwanza, kwa lugha ya kitaalamu, kuhusu hasara katika mnyororo wa thamani. Kunguru akachukua wa pili. Erasmo akamkimbiza mpaka kwenye migomba na kurudi, akajikwaa, akaangukia chanja, chanja ikamwangukia, na kunguru akatua juu ya yote hayo akamalizia mlo.

"Futa hiyo," alisema Erasmo kutoka chini ya dagaa.

Lakini alimtumia Lidia kwanza, kwa uaminifu wa mapenzi, na Lidia akajibu: *Usifute. Nimecheka mpaka nimelia. Huu ndio ukweli niliokuwa nautafuta. Weka watu waone.*

Akaiweka. Watu wakaona. Wakawaonyesha wenzao.

*Huyu kaka wa viatu, kichwani yuko sawa?* aliuliza mtu wa Songea. *Mwongezeeni kunguru,* aliandika wa Mbeya. *Dagaa bei gani? Niko Njombe.* *Naomba kilo tano Iringa, na video nyingine ya kaka wa viatu.* Walikuwa watu wenye nyuso, wenye watoto kwenye picha zao, wenye matusi ya kawaida na njaa ya kawaida. Walipoingia hao, wale wa kununuliwa wakatoweka. Mchana mmoja mtandao ulifanya usafi, ukawafagia wote, ukurasa ukabaki na watu wachache mno. Erasmo alijificha ghalani nyuma ya magunia, akisubiri kuitwa.

Bi Rukaiya alimkuta hukohuko. "Wale ishirini elfu wameondoka," alisema.

"Mama, nitaeleza."

"Waende salama. Hata kula walikuwa hawali. Toka huko, mtumbwi umefika."

Siku zikaenda. Erasmo akajifunza kumjua dagaa aliyekauka kwa kumsugua kiganjani na kusikiliza. Akajifunza kuiona mvua ikitoka upande wa Malawi kabla mawingu hayajakubaliana, na kukimbilia chanja na turubai. Mikono yake ikanuka samaki, sabuni ikashindwa. Moyoni alijieleza kwamba yote hayo ni utapeli tu, utapeli mrefu wa kumpata Lidia, na kwamba yeye bado ni mjanja, ila yuko kwenye mazoezi. Wafuasi nao walizidi kuja, kila mmoja kwa miguu yake, na walipopita wale wa Hyasinti, akina mama walipiga vigelegele mpaka mbwa wakaondoka.

Jioni alimwandikia Lidia. Mwanzoni alimwandikia uongo mzuri. Baadaye uongo ukamwishia, akaanza kuandika mambo yenyewe: kwamba kwao ni Maguu, kwamba mama yake aliuza kahawa ya msimu mzima ili yeye aende Dar akawe mtu, kwamba amerudi Mbinga tangu mwaka juzi na hajawahi kupanda kwenda kumwamkia, kwa kuwa huko bado wanaamini ana ofisi.

Jibu lilichelewa kidogo. *Mama yako hakumlilia mkurugenzi,* Lidia aliandika. *Anamtaka mtu wa kumsaidia kuchuma.*

Erasmo aliigeuza simu chini, akaangalia ziwa. Hakuna aliyewahi kumwambia jambo kama hilo bila kumdai kitu. Akajua kwamba amependa.

Hatimaye Lidia akakubali kuja. Jumamosi, chakula cha mchana, kwa Bi Rukaiya. Erasmo alinyoa, akaazima shati kwa mume wa Serafina, akaipaka kiwi ile sehemu ya viatu iliyobaki. Bi Rukaiya alitandika mkeka barazani, akapakua ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchoma mwenye urefu wa mkono, na bakuli la pilipili. Akina mama wa chanja walikuja wote, wakakaa ukutani na khanga midomoni, kama watu wanaoumwa meno. Ghala lilikuwa wazi na tupu. Gunia la mwisho lilikuwa limepakiwa juzi. Erasmo aliliona hilo bila kuliwaza. Macho yake yalikuwa barabarani.

"Atakuja na gari la rangi gani, kaka?" aliuliza Serafina.

"Jeupe. Watu wa aina yake hupanda jeupe."

Bi Rukaiya akatoa kifuani simu ndogo ambayo Erasmo hakuwahi kuiona. Akavaa miwani. Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, akitafuta herufi kama mtu anayechambua mchele.

Makao makuu ya Kapinga Dijito yakatetemeka. Erasmo akaitoa simu mbiombio.

*Lidia: Njoo ule, mbasa anapoa.*

Aliangalia barabara. Aliangalia simu. Akamwangalia Bi Rukaiya, aliyekuwa akivua miwani.

"Mama..."

"Abee, kaka Erasmo."

Ukuta mzima ukalipuka. Akina mama walicheka mpaka mmoja akalala chali, na Serafina, masikini, alijaribu kumhurumia lakini kicheko kikamshinda nguvu.

"Tangu lini?" aliuliza Erasmo, sauti imembakia ndogo.

"Tangu Violet alipopokea dagaa. Mwanangu, wiki ile mvua ilikuwa imekata barabara, hata nzi hakutoka Lituhi. Nikajiuliza, huyu Violet kaletewa na malaika? Nikaona basi, kama mtu anaweza kuzaliwa ndani ya simu, mimi pia sijafikia uzee wa kutozaa."

"Kwa hiyo hoteli hakuna."

"Hoteli ipo. Wamekuja wenyewe, wamechukua ghala zima. Waliona video yako na kunguru."

Tumaini, ambalo ni kiumbe mgumu kufa, likainua kichwa. "Na ile kazi ya Dodoma? Ule mshahara?"

"Huo atakutumia Violet."

Waliokuwa wamemaliza kucheka wakaanza upya. Erasmo alisimama, akakusanya heshima yake, haikujaa mkono. "Basi angalau nilipwe jasho langu! Nimeanika, nimeosha, nimeangukiwa na chanja!"

"Nilikulipa Mbinga, kabla hujagusa kitu," alisema Bi Rukaiya kwa upole. "Ulisema utanivutia wafuasi. Wamevutika. Hatudaiani, mwanangu. Kaa ule."

Hapo ndipo Erasmo alipoelewa ukubwa wa pigo. Alikuwa amelipwa kwa kazi, na kazi ameifanya, yote, mpaka mwisho, bila mtu kumwonya. Utapeli wa namna ile hakuwahi kuusikia.

"Kazi bado ipo," Bi Rukaiya aliongeza. "Ya mshahara wa mwezi. Ukiitaka."

"Mimi?" alisema Erasmo. "Mimi, Mkurugenzi, nianike dagaa?" Akageuka aondoke. Kisha akageuka tena akala, maana hasira ni hasira, lakini mbasa ni mbasa. Alimaliza upande mzima, akanawa, akasema ahsante kwa ukali, akaenda kupanda basi.

Huko Mbinga alijisafisha, akajinyunyizia manukato ya mtu mwingine, akarudi kwenye biashara. Kwenye mnada wa Mbuji alimwendea muuza mitumba mmoja, na kabla hajafungua mdomo yule mtu akapiga kelele, "Kaka wa viatu!" Umati ukamzunguka, ukitaka picha. Stendi, vijana wa bodaboda walimlilia kama kunguru: "Kwaa! Kwaa!" Jumapili aliingia kanisani kutafuta amani, na wakati wa matoleo, kutoka benchi la nyuma, mtu akalia "kwaa" kwa sauti ya chini, na kwaya nzima ikapoteza sauti ya pili. Tapeli huishi kwa uso usiokumbukwa. Uso wa Erasmo ulikuwa umefika Iringa kabla yake.

Mtu wa mwisho ambaye Erasmo alimjaribu alikuwa Mzee Raimundi, mwenye kahawa nyingi na simu mpya, ambaye alikuwa peke yake mgahawani na alionekana mshamba wa kutosha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Mzee, kahawa yako ni chapa nzito, lakini naona imelala..."

Mzee Raimundi alimkazia macho. Uso wake ukafunguka polepole. "Aisee! Ni wewe! Mke wangu Restituta anakuangalia kila siku kabla ya rozari!" Akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Hebu niambie. Namwoza binti mwezi ujao. Wale dagaa wako hawana mchanga kweli?"

Erasmo alifungua mdomo. Ndani yake mlikuwa na uongo wa kila aina, umejipanga tayari. Akashangaa kilichotoka.

"Hawana, mzee. Ila usichukue wa wiki hii. Wameanikwa kwenye mawingu, watakuharibikia. Subiri wa wiki ijayo."

"Basi niwekee gunia mbili."

Erasmo aliitoa simu mfukoni. Kisha akapiga.

"Mama, shikamoo. Nina mteja."

"Marahaba. Yule wa Makambako?"

"Wa kweli, mama. Yuko mbele yangu, anakula chapati."

"Mpe simu aseme."

Mzee Raimundi akaipokea kwa heshima, akaiweka sikioni kichwa chini. "Halo! Huku Raimundi wa Maguu! Huyu kijana ndiye mwenyewe? Mbona kwenye video anaonekana mrefu?" Kicheko cha Lituhi kikatoka kwenye simu, kikasikika mpaka jikoni. Mzee akacheka naye, kwa adabu, bila kujua anachochekea, kisha akamrudishia Erasmo simu.

"Mama," alisema Erasmo. "Basi la kushuka huko leo linaondoka saa ngapi?"

"Saa nane," alisema Bi Rukaiya. "Nauli ujilipie. Sisi huku hatulipi tena kabla ya kazi."